Romeo na Juliet Hawakuuawa na Mapenzi! Acheni Kuipaka Poda Hiyo Stori

Kuna kundi la maprodyuza na waongozaji, majina kapuni maana wenyewe wanajijua, ambao wana ugonjwa mmoja. Wakiishiwa stori tu, utasikia wanaleta Romeo na Juliet ya kisasa. Hapo hapo bango linatoka: dogo kavaa cheni, binti kavaa gauni jekundu, nyuma yao gari kali la kukodi. Ukikaa kuangalia, dogo anatoka Tandale, binti anatoka Masaki, mshua hataki kusikia, dogo anapigwa na mabaunsa, anapata hela, mshua anacheka, harusi ufukweni, muziki unapigwa, mwisho.

Swali ni moja tu. Hiyo inahusiana vipi na Romeo na Juliet zaidi ya jina kwenye bango?

Hakuna anayesema stori ya zamani isiguswe. Iguswe, ivalishwe jinzi, iongee Kiswahili cha mtaani, ipande bodaboda, yote sawa. Lakini kuna kitu kimoja kwenye stori hii ukikitoa umeiua. Wale watoto hawakuuawa na mapenzi. Waliuawa na ukuta uliojengwa na watu wazima, na watu wazima haohao walikuwa na nafasi zaidi ya moja ya kuubomoa wakakaa kimya. Ukiondoa huo ukuta, kilichobaki ni video ya muziki ya saa moja na nusu.

Kwa wanaoijua kwa jina tu

Shakespeare aliandika tamthilia hii miaka ya 1590, na wala hakuitoa hewani. Mwaka 1562 Mwingereza mwingine, Arthur Brooke, alishaitoa kama shairi refu, na kabla yake Waitaliano walikuwa nayo. Yaani Shakespeare mwenyewe alifanya rimiksi. Kwa Brooke mambo yanakwenda kwa miezi, Shakespeare akayabana yakaisha kuanzia Jumapili hadi Alhamisi. Kwa Brooke binti anakaribia miaka 16, Shakespeare akamshusha hadi 13. Hiyo ya umri ishike vizuri, itarudi chini.

Mji ni Verona, Italia. Koo mbili kubwa, Capulet na Montague, zinachukiana hadi watumishi wao wakikutana barabarani wanachomoa mapanga. Sababu ya ugomvi ni nini? Haitajwi. Kuanzia mwanzo hadi mwisho hakuna hata mmoja anayeeleza ulianzaje. Ni ugomvi wa kurithi tu, kama ule wa mtaani ambao kila mtu anajua nyumba fulani haiongei na nyumba fulani, ila ukiuliza kwa nini, wanaangaliana.

Romeo wa Montague na Juliet wa Capulet wanakutana kwenye sherehe Jumapili usiku. Jumatatu padri anawafungisha ndoa ya siri. Jumatatu hiyohiyo binamu yake Juliet anamuua rafiki yake Romeo, Romeo naye anamuua huyo binamu, anafukuzwa mjini. Baba yake Juliet, ambaye hajui lolote, anapanga kumuoza binti kwa tajiri anayeitwa Paris. Binti anakunywa dawa ya kumlaza kama maiti kwa saa 42, na padri anamwandikia Romeo barua kumweleza mpango. Barua haifiki, kwa sababu mtawa aliyepewa aipeleke amefungiwa kwenye nyumba iliyohofiwa kuwa na tauni. Romeo anasikia tu kwamba mkewe kafa. Yaliyobaki unayajua. Hadi pazia linashuka, wamekufa watu 6, akiwemo mama yake Romeo aliyekufa kwa majonzi.

Sasa turubai la msiba lote hilo, mtu anakuja analigeuza kuwa harusi ya ufukweni!

Usasa siyo simu na gari

Wengi wanaosema wanaileta stori kisasa wanataja muvi ya Baz Luhrmann ya mwaka 1996, ile ya Leonardo DiCaprio na Claire Danes. Shida ni kwamba wameangalia nguo tu. Wameona mashati ya maua, magari, bastola, muziki mkubwa, wakaamua hiyo ndo siri.

Hebu iangalie tena taratibu. Luhrmann alibadilisha karibu kila kinachoonekana. Verona ikawa jiji la pwani lenye maghorofa, na picha zikapigwa Mexico. Mapanga yakawa bastola, ila chapa iliyoandikwa kwenye bastola ni jina la upanga, ili maneno ya zamani yaendelee kuingia. Mtawala wa mji akawa mkuu wa polisi. Utangulizi unasomwa na mtangazaji wa habari kwenye runinga. Koo mbili zikawa kampuni mbili zenye maghorofa yanayotazamana katikati ya jiji.

Alichoacha kama kilivyo ni maneno ya Shakespeare na chuki. Dakika za mwanzo tu, kabla hata mapenzi hayajaanza, vijana wa pande mbili wanawasha moto kwenye kituo cha mafuta. Mtazamaji anaelewa mapema kwamba hapa mtu atakufa, na mapenzi yatazaliwa katikati ya moto ambao tayari unawaka. Ndo maana wanafunzi ambao wangelala wakisomewa kitabu walikaa macho.

Watu wetu hawa wa majina kapuni wanafanya kinyume. Wanaanza na mapenzi dakika arobaini, wanachora mioyo, halafu wanakumbuka kwamba inatakiwa kuwe na tatizo, wanamuita baba mtu aje afoke kwenye sebule yenye makochi meupe. Huo siyo ukuta. Hilo ni pazia la bafuni.

"Si wangepigiana simu tu?"

Hili ndo swali la kila kijiwe, na ni swali zuri. Zamani barua ilipotea. Leo kuna WhatsApp, kuna tiki mbili za bluu, kuna hadi kutumiana lokesheni. Kwa hiyo mwongozaji mvivu ana njia mbili. Ya kwanza, simu iishe chaji. Ya pili, amwache Romeo apate ujumbe, awahi, waishi. Zote mbili ni kukimbia mtihani.

Mtihani huu ulishajibiwa zamani, tena kabla simu ya mkononi haijafikiriwa. West Side Story ilianza jukwaani New York mwaka 1957, ikawa muvi mwaka 1961 na kubeba Oscar 10, kisha Steven Spielberg akaitengeneza upya mwaka 2021. Koo mbili zimekuwa magenge mawili ya vijana, wazungu wa pale mjini na Wapuerto Rico waliohamia. Romeo anaitwa Tony, Juliet anaitwa Maria.

Angalia walivyoifanya barua. Maria anamtuma Anita apeleke ujumbe kwa Tony. Anita ana kila sababu ya kukataa, maana Tony ndiye aliyemuua mpenzi wake, ambaye ni kaka yake Maria. Lakini anakwenda. Anafika dukani, anawakuta vijana wa genge la wazungu. Wanamtukana kwa asili yake, wanamkaba, wanaanza kumdhalilisha hadi mwenye duka anaingilia. Anatoka pale akiwa amejaa hasira na uchungu, na badala ya ujumbe aliotumwa, anawatupia uongo kwamba Maria ameuawa. Tony anaposikia, anatoka nje kutafuta risasi, na anaipata.

Umeona? Safari hii tauni haihusiki, bahati mbaya haihusiki. Ujumbe umefika hadi mlangoni, chuki ndo imeugeuza. Waliotunga hili hawakuangalia juujuu. Walijiuliza leo hii ni kitu gani kinaweza kuzuia neno la kweli lisimfikie mtu, wakajibu ni ubaguzi. Anayetaka kutengeneza Romeo na Juliet ya 2020 na kitu lazima ajiulize hilohilo.

Na majibu hayako mbali. Simu ya binti iko mfukoni mwa kaka yake, kaka ndo anajibu meseji. Binti amenyang'anywa laini siku mshenga alipokuja. Shangazi amepiga picha skrini ya maongezi, imezunguka kwenye grupu la ukoo kabla ya Isha. Simu haijabomoa ukuta wowote, imeupa ukuta masikio. Hapo ndo pana muvi, kaka! Chaji haina haja ya kuisha.

Ukuta wa hela ni ukuta wa makaratasi

Kwa nini kila mara ni tajiri na maskini? Kwa sababu ni rahisi. Umaskini kwenye muvi unatibika kwa sini moja: dogo anasaini mkataba, anagundulika ni mtoto wa bilionea aliyepotea, imekwisha. Ukuta unaobomoka siku mtu akipata hela haukuwahi kuwa ukuta. Romeo hakuwa maskini. Kwao walikuwa na hela sawasawa na kwao Juliet, na Shakespeare anaisema hiyo mapema kabisa, koo mbili zenye hadhi moja. Aliufunga mlango wa hela makusudi ili usitafute jibu huko.

Waliotengeneza West Side Story walihangaika na jambo hili hasa. Wazo la kwanza la Jerome Robbins mwaka 1949 lilikuwa Mkatoliki na Myahudi. Baadaye wakaona ugomvi huo kwenye jukwaa umeshachakaa, wakaliweka pembeni, na waliporudi miaka ya 1950 wakachukua ugomvi uliokuwa kwenye magazeti ya wakati huo, wa magenge na wahamiaji. Hawakutafuta nguo mpya. Walitafuta ukuta uliosimama.

Wahindi nao wanaujua mchezo. Qayamat Se Qayamat Tak ya mwaka 1988, Aamir Khan na Juhi Chawla wakiwa bado wabichi kabisa, ni familia mbili zenye damu katikati. Baba yake binti anakodi wauaji wamuue kijana, risasi inampata binti yake mwenyewe. Ram-Leela ya Sanjay Leela Bhansali, 2013, Ranveer Singh na Deepika Padukone, imekwenda Gujarat kwenye koo mbili za watu wa bunduki. Nyimbo zipo, rangi zipo, kucheza kupo, nani kasema msiba hauna ngoma? Lakini mwishoni wazee wanapatana, na wale wawili hawajui. Wanapigana risasi wenyewe kwa wenyewe wakati amani iko mtaani inatembea. Barua imechelewa tena, ila safari hii barua yenyewe ni amani.

Hapa jirani, Wanuri Kahiu alitoa Rafiki mwaka 2018. Wasichana wawili Nairobi, baba zao wanapambana kwenye uchaguzi mmoja. Kenya waliipiga marufuku, mahakama ikairuhusu kuonyeshwa kwa siku 7 tu, na watu wakajaa. Upende usipende stori yake, huwezi kusema alichagua ukuta wa makaratasi. Ukuta ulitoka kwenye skrini ukaja kusimama mlangoni mwa sinema.

Juliet ana miaka 13, na hapo ndo wanaporuka wote

Turudi kwenye ule umri. Muvi nyingi za kisasa Juliet anakuwa dada mkubwa, ana kazi, ana gari, ana kucha. Inaeleweka, hakuna anayetaka kuona mapenzi ya mtoto kwenye skrini, na ni sahihi kabisa. Lakini wanapompandisha umri wanatupa pia kile kilichokuwa kinamkaba.

Kwenye tamthilia, zimebaki kama wiki mbili Juliet afikishe miaka 14. Paris anakuja kuposa. Mama anamwambia binti kwamba yeye umri huo alishakuwa mama yake. Unaisikia hiyo sauti? Ni Italia ya kale, lakini sentensi hiyo ingeweza kusemwa jioni hii kwenye kibaraza chochote. Mwanzo baba anajifanya muungwana, anasema asubiriwe miaka miwili. Msiba ukiingia nyumbani anabadilika, anaamua ndoa ni Alhamisi, halafu anaiwahisha tena iwe Jumatano. Binti anapokataa, baba anamwambia bora akafie barabarani. Mama anageuza uso. Yaya aliyemlea tangu ananyonya anamshauri amchukue tu huyo tajiri.

Usiku huohuo mtoto wa miaka 13 anabaki na kichupa cha dawa na padri mwenye mpango mbovu. Mtu akisema hii ni stori ya mapenzi, amuulize huyo binti.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 wazazi wakiridhia, na hata 14 kwa kibali cha mahakama, wakati mvulana anasubiri hadi 18. Rebeca Gyumi aliipeleka mahakamani. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Kesi ya juzijuzi kabisa, wakati watu wana simu janja! Ukuta wa Juliet uko hapa, una namba za vifungu, halafu mtu anakwenda kutafuta ugomvi wa sebule yenye makochi meupe.

Unaweza kumfanya binti awe na miaka 19 kwenye muvi yako, sawa. Mwache basi mshenga aje. Mwache baba ahesabu mahari. Mwache mama aseme kwamba yeye umri huo alikuwa na watoto wawili. Hapo mapenzi yake na Romeo yatakuwa na uzito, kwa sababu ndo kitu pekee maishani alichochagua mwenyewe.

"Lakini mashabiki wanataka kufurahi"

Huu utetezi ni wa kale kuliko sinema. Miaka ya 1660 London kulikuwa na James Howard aliyeigeuza Romeo na Juliet wapone, na ikawa inachezwa kwa zamu, leo wanakufa, kesho wanaishi. Nenda leo kamuulize mtu yeyote kuhusu James Howard uone atakavyokukodolea macho. Mwisho wake mtamu umepotea, mwisho mchungu uko hai zaidi ya miaka 400.

Na asije mtu kusema watu wa uswahilini hawawezi kuvumilia msiba. Nenda kibanda umiza uwasikilize wale ma-DJ wanaotafsiri muvi. DJ anambatiza Mchina jina la Kingoni, anamtania mchumba wa staa, anaweka misemo ya Manzese midomoni mwa Wahindi. Anabadilisha kila kitu! Lakini staa akifa, anakufa. DJ hamfufui, anashusha sauti, na kibanda kizima kinanyamaza, hadi muuza karanga anasimama. Yule DJ hajasomea filamu popote, na anajua cha kugusa na cha kuacha kuliko mtu mwenye kamera ya mamilioni.

Unataka watu wacheke? Andika vichekesho, ni kazi ya heshima. Gnomeo & Juliet ya mwaka 2011 ni katuni ya watoto, wapenzi ni sanamu za bustanini, wanapona, na hakuna aliyelalamika. Ndani yake kuna hadi sanamu ya Shakespeare inayobishana kuhusu mwisho. Ile muvi inakwambia wazi kwamba inatania. Hawa wa kwetu wanachukua jina la msiba ili kuuza harusi.

Kuna na kosa la upande wa pili, nalo ni baya zaidi. Wale wanaoacha kifo halafu wanakipamba, waridi, mishumaa, maneno ya kwamba ukipenda kweli utakufa naye. Huo ni uongo wa hatari kwa mtoto wa miaka 16 aliyeachwa jana. Shakespeare hakumpamba mtu. Alionyesha mlolongo wa milango iliyokuwa wazi. Baba angesikiliza. Mama angegeuka. Yaya angesimama na binti. Padri angesema ukweli hadharani badala ya kupika dawa, na hata dakika ya mwisho kaburini, alipokuwa na binti aliye hai mbele yake, alisikia watu wanakuja akakimbia akamwacha peke yake. Mtawala wa mji mwenyewe anakiri mwishoni kwamba aliufumbia macho ugomvi. Muvi ikifanywa sawasawa, mtazamaji hatoki akitamani kufa. Anatoka akiwa na hasira na wale waliokuwa wazima wakanyamaza.

Sanamu za dhahabu

Mwisho wa tamthilia wazee wawili wanapeana mikono juu ya maiti. Halafu wanaanza kuahidi. Mmoja atamjengea Juliet sanamu ya dhahabu tupu, mwingine hakubali kupitwa, naye atamjengea Romeo. Hata kwenye msiba wanashindana nani ana uwezo. Binti alikuwa anaomba asikilizwe dakika tano, akakosa. Sasa amepata dhahabu.

Waongozaji wa majina kapuni huwa wanaikata hiyo sehemu. Inawezekana ndo sehemu ya kisasa kuliko zote, maana kila mtu amewahi kuona familia iliyomnyima kijana sikio akiwa hai, halafu ikakodi matarumbeta siku ya kumzika.

Basi kabla ya kukodi gari na drone, jibuni maswali matatu tu. Ukuta ni upi, na hela haiwezi kuubomoa? Ujumbe unakwama wapi, na nani mwenye mkono wake? Na ni mtu mzima gani alikuwa na nafasi ya kuwaokoa akanyamaza? Mkiwa na majibu, pigeni picha hata kwa simu, watu watakaa hadi mwisho. Mkiwa hamna, liacheni hilo jina, andikeni tu Harusi Ufukweni, mauzo mema.

Wadau, Juliet wa mtaani kwenu angezuiwa na ukuta gani? Dini, ukoo, kabila, shamba? Komenti ziko wazi, ila majina ya watu yabaki kapuni.